Alama za weldi kwenye michoro ya chuma: badilisha mwonekano, usiguse maana

SWALI: Ninachora michoro ya karakana kwa Tekla Structures, programu ya kujenga modeli ya jengo na kutoa michoro yake. Kazi niliyonayo sasa ni godauni la chuma Shimanzi, Mombasa. Injinia mshauri anataka alama za weldi za Kimarekani, lakini fomeni wetu hapa Changamwe amezoea zile zenye mistari miwili. Isitoshe, alama zimejaa mchoroni hadi vipimo havisomeki, na nikizirekebisha karatasi moja moja, mchoro ukitengenezwa upya zinarudi kama zilivyokuwa. Tena nataka kubuni alama yangu ya weldi ya kuziba, maji ya chumvi yasipenye, kwa kuwa jengo liko karibu na bahari. Nianzie wapi, na ni kipi ninachoruhusiwa kubadilisha?

JIBU: Dadangu, kabla hujafungua dirisha lolote la mipangilio, pata jibu la swali moja kwa maandishi: michoro hii itasomwa kwa kiwango gani? Viko viwili utakavyokutana navyo hapa pwani. Cha kwanza ni AWS A2.4 cha Marekani. Cha pili ni ISO 2553, na hiki tangu toleo la 2013 kina mifumo miwili ndani yake, A na B. Mfumo A ndio ule wa mistari miwili anaoujua fomeni wako, mmoja mzima na mmoja wa vipande. Mfumo B una mstari mmoja na unafanana sana na wa Kimarekani. Kwa hiyo mtu akikwambia "tumia ISO" bado hajakupa jibu. Muulize: A au B?

Naanzia hapo kwa sababu alama ya weldi ni amri kwa mtu aliyeshika rodi, na amri hiyo inaweza kugeuka maana bila kugeuka sura. Chukua pembetatu ya fileti, yaani weldi inayojaza kona kati ya vyuma viwili, iliyochorwa chini ya mstari wa alama, ule uliounganishwa na mshale. Kwa AWS, chini ya mstari ni upande wa mshale, yaani chomelea pale pale mshale unapogusa, na juu ya mstari ni upande wa pili. Kwa mfumo A, juu na chini haviamui kitu. Kinachoamua ni mstari upi pembetatu imekalia: ikikaa kwenye mstari mzima ni upande wa mshale, ikikaa kwenye mstari wa vipande ni upande wa pili. Na huo wa vipande waruhusiwa kuchorwa juu au chini ya ule mzima. Weldi ikiwa sawa pande zote mbili, mstari wa vipande huachwa kabisa.

Sasa tazama hatari iliyopo. Umechora kwa mfumo A, mstari wa vipande uko chini, na pembetatu imekalia huo: weldi ni ya upande wa pili. Karatasi imetolewa kopi mara mbili, wino wa printa unaelekea kwisha, vipande vimefifia. Kilichobaki ni mstari mmoja mzima na pembetatu chini yake. Fundi aliyefundishwa Kimarekani ataisoma kuwa upande wa mshale, na atakuwa amesoma sawasawa kabisa kile anachokiona. Weldi itakaa upande usio wake na hakuna atakayejua mpaka inspekta afike.

Vipimo navyo vina mtego wake, na kwangu huu ndio mkubwa kuliko yote. Kwa AWS, namba iliyo kushoto ya pembetatu ni mguu wa fileti, yaani upande wake unaolalia chuma. Kwa mfumo A, namba hutanguliwa na herufi: z ni mguu, a ni koo, yaani umbali kutoka kwenye kona ya ndani hadi kwenye uso wa weldi. Fileti ya miguu sawa ina koo la takriban 0.7 ya mguu. Basi a6 ni mguu wa 8.5 mm. Herufi ikidondoka njiani, fundi akaona 6 tupu akachomelea mguu wa 6 mm, koo alilotoa ni 4.2 mm. Nguvu imepungua kwa karibu asilimia 30. Kosa likienda upande wa pili hasara ni ya mwenye karakana: fileti ya mguu wa 8.5 ina chuma mara mbili ya fileti ya mguu wa 6, maana eneo lake hukua kwa mraba wa mguu. Rodi mara mbili, muda mara mbili, na bamba jembamba linapinda kwa joto. Yote hayo kwa sababu ya herufi moja ambayo mtu aliiondoa ili alama ipendeze.

Weldi za kurukaruka ndizo zinazowachanganya hata wakongwe. Sema una bamba la kukaza lenye urefu wa 800 mm. Kwa mfumo A utaandika a5, pembetatu, kisha 6×50(100). Maana yake ni vipande 6 vya weldi, kila kimoja 50 mm, na pengo tupu la 100 mm kati ya kipande na kipande. Hesabu inakubali: 6 mara 50 ni 300, mapengo 5 mara 100 ni 500, jumla 800. Kwa AWS weldi hiyo hiyo huandikwa 7 (koo la 5 ni mguu wa 7), pembetatu, kisha 50-150. Hiyo 150 inapimwa kutoka katikati ya kipande hadi katikati ya kipande kinachofuata, haimaanishi pengo. Mtu wa mfumo A akiisoma kuwa pengo, atachomelea 50, ataruka 150, atachomelea 50. Kwenye 800 mm zitaingia weldi 4 badala ya 6. Thuluthi moja ya weldi imepotea na kila mtu ana hakika kwamba amefuata mchoro.

(Kwa kuwa godauni lako liko Shimanzi, nikukumbushe kwamba Eurocode 3, kiwango cha Ulaya cha majengo ya chuma, sehemu ya 1-8, inasema fileti za kurukaruka zisitumike mahali penye kutu kali. Hewa ya chumvi ya Kilindini ni mahali pa namna hiyo. Ukiziona kwenye vyuma vya nje, muulize injinia kabla hujahangaika na jinsi ya kuziandika.)

Ndiyo maana nasema mwonekano ni wako, maana si yako. Unaruhusiwa kubadilisha urefu wa herufi, rangi, unene wa mstari, mahali alama inapokaa, na kuchagua ni zipi zionekane na zipi zifichwe. Huruhusiwi kubadilisha upande, herufi ya kipimo, mpangilio wa namba, wala umbo la alama yenyewe. Hayo yanaamuliwa na kiwango, na kiwango kinachaguliwa na injinia.

Sasa twende kwenye programu. Tekla ina chaguo la ndani (advanced option) liitwalo XS_AISC_WELD_MARK, ambalo ndilo linaloamua kama alama zifuate desturi ya Kimarekani au ya ISO. Liweke sawa siku ya kwanza ya mradi, kabla ya mchoro wa kwanza kutoka. Ukilazimika kulibadilisha katikati, usiamini macho: kagua weldi zote za upande mmoja, moja baada ya nyingine, kwenye modeli na kwenye karatasi. Zile za pande mbili zilizo sawa hazitakusumbua. Hizi za upande mmoja ndizo zinazogeuka kimyakimya. Kuna pia chaguo la kuweka kitenganishi kati ya urefu na umbali wa weldi za kurukaruka, XS_WELD_LENGTH_CC_SEPARATOR_CHAR, nalo linafaa kukaguliwa siku hiyo hiyo.

Herufi a, z na s (hii ya mwisho ni kina cha kupenya) huandikwa kwenye sifa za weldi, sehemu ya kitangulizi. Hapo pana jambo ambalo programu haitakufanyia: ukibadilisha kitangulizi kutoka z kwenda a, namba haibadiliki yenyewe. z7 ikigeuzwa a bila kuguswa namba inakuwa a7, ambayo ni mguu wa karibu 10 mm. Kubadilisha kiwango maana yake ni kubadilisha namba pia, na hesabu hiyo uifanye wewe kisha injinia aithibitishe.

Hili la alama kurudi zilivyokuwa, sababu yake ni kwamba unarekebisha kwenye karatasi kitu ambacho chimbuko lake liko kwingine. Weldi huishi kwenye modeli. Kwenye mchoro unaona taswira yake tu. Na nyingi kati ya weldi hizo hazikuwekwa kwa mkono, zimeletwa na viungo: kile cha besi pleti, kile cha boriti kwa nguzo, kile cha bamba la kukaza. Kila kiungo kina kitufe chake cha weldi chenye ukubwa wake wa kawaida. Weldi iliyoletwa na kiungo hurekebishwa ndani ya kiungo, kisha mpangilio huo unahifadhiwa kwa jina, ili kiungo kingine cha aina hiyo kikiingia kije na weldi sahihi. Ukiigusa weldi peke yake, siku kiungo kitakapojengwa upya rekebisho lako litafutika.

Alama uliyoichora kwa mkono juu ya mchoro ina tatizo baya zaidi. Hiyo haijui kabisa kwamba modeli ipo. Boriti ikisogea, alama inabaki inaelekeza hewani. Weldi ikibadilishwa ukubwa, alama inaendelea kutangaza kipimo cha zamani. Na ripoti ya weldi haiioni. Ikiwa una alama nyingi za namna hiyo kwenye karatasi zako, tenga siku moja uzitoe na uweke weldi za kweli kwenye modeli. Ni kazi ya kuchosha lakini unaifanya mara moja.

Mwonekano nao usirekebishwe karatasi moja moja. Mipangilio ya mchoro ina ngazi: ya mchoro mzima, ya mwonekano mmoja, na ya vitu vilivyochaguliwa kwa kichujio. Tengeneza mpangilio wa alama za weldi kwenye ngazi ya mchoro, uuhifadhi kwa jina linaloeleweka, tuseme GODAUNI_AWS, na uuweke kwenye folda ya kampuni au ya mradi, ile inayoelekezwa na XS_FIRM au XS_PROJECT. Usiuache kwenye folda ya modeli peke yake, maana mwenzako akianza modeli nyingine ya mradi huo huo hataupata, atabuni wake. Michoro ijayo yote itazaliwa na mpangilio huo, na ikitengenezwa upya itarudi kwenye huo huo, ambao sasa ndio unaoutaka.

Kuhusu msongamano, usianze kwa kupunguza herufi. Anza kwa kujiuliza ni alama zipi ambazo fundi hazihitaji. Kwenye godauni la kawaida fileti nyingi zina ukubwa mmoja: mabamba ya kushikia palini, mabamba ya kukaza, vipande vya kufungia breisi. Kuzirudia kila mahali ni kumfanya fundi asome jambo lile lile mara arobaini, na akishachoka kusoma ndipo anapoiruka ile moja iliyo tofauti. Ukubwa huo wa kawaida uandikwe mara moja kwenye maelezo ya jumla, kisha uchuje alama zake. Tekla ina kikomo cha ukubwa wa weldi kwenye sifa za alama: unaandika ukubwa, alama zake zinafichwa. XS_WELD_FILTER_TYPE huamua kama kinachofichwa ni ukubwa huo hasa au huo pamoja na midogo yake. Kwa kazi kama yako mimi nachagua ukubwa huo hasa. Weldi ndogo kuliko kawaida ni jambo fundi anatakiwa kulijua, isipotee pamoja na nyingine.

Lakini kichujio cha ukubwa hakitazami kila kitu. Weldi ya 6 mm ya upande mmoja tu, ya 6 mm ya kuchomelewa saiti na ya 6 mm ya kuzunguka pande zote zina namba ile ile, na zote zinaweza kufichwa pamoja na zile za kawaida. Baada ya kuchuja, toa ripoti ya weldi kutoka kwenye modeli, tafuta zenye ukubwa wa kawaida ambazo ni za upande mmoja, za saiti au za kuzunguka, na uhakikishe kila moja ina alama yake kwenye karatasi. Ripoti hiyo haichukui muda. Wapo wanaoficha alama kwa kuipa weldi ukubwa wa sifuri kwenye modeli. Usifanye hivyo. Ripoti itadanganya, makisio ya rodi yatadanganya, na atakayerithi modeli hataweza kujua weldi ile ilitakiwa kuwa na ukubwa gani.

Ukishachuja, nafasi itapatikana, na hapo ndipo uangalie urefu wa herufi. Wewe unachora kwenye A1 lakini karakana zetu nyingi huchapisha A3. Kutoka A1 kwenda A3 kila kipimo kinabaki nusu. Herufi ya 2.5 mm inakuwa 1.25 mm, na hiyo haisomeki kwenye karatasi iliyoshikwa kwa glavu chini ya taa ya karakana. Viwango vya herufi vya ISO vinapanda 1.8, 2.5, 3.5, 5. Chukua 3.5 kwa namba za weldi. Kwenye A3 itabaki 1.75, kiasi cha kusomeka. Unene wa mstari wa herufi hizo uwe kama 0.35 mm. Kwenye programu nyingi za aina hii unene wa uchapishaji hufuata rangi, kwa hiyo usichague njano au samawati hafifu kwa kuwa inapendeza kwenye skrini. Weka rangi ambayo umeshaiona ikitoka nzito kwenye karatasi. Kama mtaishia kwenye mfumo A, kirefushe kila kipande cha mstari wa vipande na uchapishe A3 ya majaribio kabla ya kutoa chochote: vipande vikiungana au kutoweka, upande wa weldi umepotea.

Fungua pia orodha ya yale yanayoonyeshwa ndani ya alama. Si lazima kila alama ibebe namba ya weldi, pembe, umaliziaji, mchakato na maandishi ya mkia, ule uma ulio mwishoni mwa mstari wa alama. Mkia uliobeba namba ya mchakato kwa kila alama ni upotevu wa nafasi, ikiwa karakana nzima inatumia 135, ambayo kwa ISO 4063, orodha ya namba za michakato, ni MAG ya waya mzima, yaani weldi ya waya inayokingwa na gesi. Andika hilo kwenye maelezo ya jumla na mkia uuachie yaliyo tofauti. Kinachokwenda saiti, kwa mfano, karibu kila mara ni 111, yaani rodi ya kawaida. Upepo wa kusi unapovuma unafagia gesi ya kinga, na AWS D1.1, kanuni za Marekani za kuchomelea majengo ya chuma, hairuhusu weldi yenye kinga ya gesi kwenye upepo unaozidi kilomita 8 kwa saa bila kizuizi. Bendera ya saiti kwenye alama ni kitu kidogo, lakini ndiyo inayomwambia mwenye karakana asichomelee kipande ambacho kikishaungwa hakitaingia kwenye lori, na inamwambia mtu wa saiti aandae jenereta, turubai na kikaushio cha rodi za E7018, ambazo zikitolewa kwenye oveni D1.1 inazipa saa 4 tu hewani. Kwa unyevu wa Mombasa saa hizo zichukulie kwa uzito. Basi bendera isifichwe na kichujio chochote.

Nije kwenye alama yako ya kubuni. Programu inakupa uwezo huo: alama za aina za weldi ziko kwenye faili la alama, na kuna kihariri cha kuzichora. Ukiamua kulitumia, nakili faili kwanza na ufanye kazi kwenye nakala. Kuna matumizi halali, kama kunenepesha pembetatu inayotoka nyembamba mno au kurekebisha umbo lisilolingana na kiwango. Kuna kanuni moja ya umbo ambayo wengi wanaivunja hapo: mguu wa wima wa fileti, wa gruvu (weldi ya kwenye mfereji uliochongwa) ya upande mmoja na wa gruvu ya J hukaa kushoto daima. Mshale ukielekea kulia au kushoto, alama ikiwa juu au chini, mguu uko kushoto. Ukiigeuza alama kwa kioo ili ifuate mshale, umechora kitu ambacho hakimo kwenye kiwango chochote kati ya hivi. Mpangilio wa namba nao hausogei: ukubwa kushoto, urefu kulia.

Weldi ya kuziba haihitaji alama mpya. Ni fileti. Iandike kama fileti, mfululizo, na kwenye mkia uandike maneno machache, WELDI YA KUZIBA, au rejea ya kipengele kwenye maelezo ya jumla. Welda aliyehamia jana kutoka karakana nyingine atalielewa neno. Umbo ulilolibuni wewe hatalielewa, na hana pa kuliulizia. Wala usiitumie ile duara ya kuzunguka pande zote ukidhani inamaanisha kuziba. Inamaanisha weldi inazunguka kiungo chote, basi, na kwenye kona zilizokatwa au mahali rodi haifiki unamwagiza fundi afanye lisilofanyika. Ukubwa wa weldi ya kuziba pia si wa kubahatisha, hata kama haibebi mzigo. Kwa chuma cha unene unaozidi 6 mm hadi 12 mm, D1.1 inataka mguu usiopungua 5 mm. Eurocode 3 inataka koo lisilopungua 3 mm.

Na kama vyuma hivyo vitachovywa kwenye zinki ya moto, simama kwanza. Kuziba mabamba mawili yaliyolaliana, au bomba la pembe nne kutoka mwisho hadi mwisho, ni kufungia hewa na unyevu ndani, kisha unavipeleka kwenye zinki ya takriban nyuzi 450 za Selsiasi. Shinikizo linalojengeka humo linaweza kupasua chuma na kumuua mtu aliyesimama kando ya birika la zinki. Matundu ya kupumulia lazima yawe kwenye mchoro, kwa ukubwa na mahali alipokubali injinia na mwenye birika. Hili usiliache kwa fundi aamue kwa drili.

Ukishatengeneza chochote cha pekee, hata herufi tu, kijaribu nje ya kompyuta yako. Toa DWG na PDF, zifungue kwenye mashine isiyo na programu wala fonti zako. Alama zilizotengenezwa kwa fonti ya pekee zikifika kwa injinia bila fonti hiyo hugeuka alama za kuuliza, viboksi au herufi za kawaida. Pembetatu iliyogeuka herufi kwenye skrini ya mtu anayeidhinisha mchoro haitamshtua. Ataona herufi, atadhani ni rejea, ataipitisha.

Jaribio la mwisho lifanye karakanani. Chukua A3 ya nguzo moja yenye besi pleti, mpe welda na chaki, umwombe aandike kwenye chuma chenyewe kila weldi: upande, mguu kwa milimita, inaanzia wapi na kuishia wapi. Usimwelekeze. Kisha fungua modeli ulinganishe. Chagua nguzo iliyo na angalau weldi moja ya upande mmoja na moja iliyofichwa na kichujio, ili uone kama maelezo ya jumla yamesomwa. Anapokosea, usimsahihishe haraka. Muulize alisoma nini kwenye karatasi, na jibu lake ndilo la kurekebishia templeti.

Yabaki mvutano wa injinia na fomeni. Kiwango ni cha injinia, maana ndiye anayetia sahihi, lakini fomeni apewe daraja la kuvukia. Weka kwenye karatasi ya kwanza ya mradi jedwali dogo lenye alama za kazi hii tu, pengine tano au sita, kila moja ikiwa na mchoro wa mkato wa weldi halisi pembeni, na uonyeshe jinsi 50-150 inavyopimwa. Kopi yake moja ibandikwe ukutani karibu na meza ya kupangia vyuma. Usichanganye viwango viwili kwenye mradi mmoja kwa nia ya kumridhisha kila mtu.

Ujumbe wa kumtumia injinia leo uwe mfupi kama huu: "Tunaomba uthibitisho kwamba alama za weldi zitafuata AWS A2.4 kwenye michoro yote. Kwamba ukubwa wa fileti ni mguu kwa milimita. Kwamba fileti zote zisizoonyeshwa ni 6 mm, mfululizo, pande zote mbili, isipokuwa imeandikwa vingine. Na utueleze ni viungo gani vya nje vinahitaji weldi ya kuziba, na kama vyuma hivyo vitachovywa zinki." Hiyo 6 mm ni mfano wangu, weka ile ya kazi yenu. Jibu lake likifika, namba ya barua na tarehe viandikwe kwenye maelezo ya jumla, ndipo uhifadhi ule mpangilio wa GODAUNI_AWS na kutoa mchoro wa kwanza.